Breki za Wabuge Zinasubiri Kura

Ephantus alikuwa fundi wa magari, na kazi hiyo ndiyo iliyomfichia aibu yake tangu arudi mtaani kwao, Munyaka. Kila asubuhi, jua likishashika mabati, pikapu ya Mzee Wabuge iliteremka kutoka barabara kuu ikiwa na maziwa kutoka mji wa Turbo, na ilipofika mbele ya kibanda cha Mama Jepchirchir, Wabuge alikanyaga breki. Kwiiiiii! Ilikuwa sauti ya nguruwe aliyefundishwa kuimba soprano, akashindwa, lakini hakukata tamaa. Papo hapo Ephantus alijitupa chini kifudifudi, mikono kichwani, akatulia kama gunia la mahindi.

Lakini fundi wa magari akionekana amelala chini, nani atauliza? Wapita njia waliiona miguu yake imetokeza chini ya gari la mteja, wakasema huyu mtu anajituma. Alilala, sauti ikapita, akainuka, akajipangusa, akaendelea na kazi. Siku moja alilala na mahali pale hapakuwa na gari lolote, lakini hata hiyo ilipita. Mteja aliyekuwa amesimama karibu alidhani anatafuta nati iliyoanguka, akainama kumsaidia.

Shida ilikuwa kanisani. Kanisani hakuna magari ya kulalia chini yake.

Kanisa lao lilitazamana na kibanda cha Mama Jepchirchir, barabara katikati, na ng'ombe hawajui Jumapili. Kwa hiyo maziwa yalifika hata siku hiyo, katikati ya ibada, na Mchungaji Kavetsa alikuwa amejizoesha kunyamaza kidogo mpaka breki zimalize kulia, kisha akaendelea pale alipoachia. Ephantus aliketi nyuma kabisa, ambako angeweza kuteleza chini ya benchi bila kuonekana. Angeendelea hivyo mpaka uzeeni, kama asingechaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

Anayesimikwa kuwa mzee wa kanisa husimama mbele ya watu wote na kujibu maswali matatu. Mara ya kwanza Ephantus alisimama, swali la kwanza likaulizwa, breki zikalia, naye akaenda chini mzimamzima. Watu walifurahi sana. Walisema hawajapata kuona unyenyekevu kama ule. Hata hivyo hakuweza kuinuka kwa haraka, na simiko likaahirishwa. Mara ya pili alijaribu kushikilia meza ili asianguke. Alianguka, na kitambaa cha meza, na maua, na maji ya maua, na maandishi ya mahubiri. Safari hiyo hakuna aliyetaja unyenyekevu. Mchungaji Kavetsa, mama mpole lakini asiyependa mchezo, alimwita pembeni.

"Mzee Ephantus, nakuheshimu. Lakini kanuni ya kanisa ni mara tatu. Ukilala tena, hiyo nafasi nitampa Wanyama, yule mpiga kinanda."

"Wanyama anasinzia kwa maombi, Mchungaji."

"Anasinzia akiwa ameketi. Hilo kanuni haikatazi."

Simiko la tatu liliwekwa Jumapili ya mwanzo wa Machi, mwaka 2013. Kesho yake, Jumatatu, nchi nzima ingepiga kura.

Hapa inafaa msomaji ajue kwa nini Ephantus alilala na kwa nini kushindwa kusimama kulimwuma vile. Mapema mwaka 2008, kura za wakati ule zilipoharibika na nyumba zikaanza kuungua, watu wa kwao Ephantus walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Wabuge, jirani yake, alikuwa bado anapita vizuizi vya barabarani kwa sababu vijana wa vizuizi walikunywa maziwa yake. Alimlaza Ephantus ndani ya pikapu, akamfunika kwa nyasi ya ng'ombe, akaelekea uwanja wa maonyesho ambako waliofukuzwa walikuwa wamepiga hema. Kwenye kizuizi alikanyaga breki, nazo zikapiga ukelele ambao haujasikika tena. Mbwa walilia. Vijana waliziba masikio. "Pita! Pita, Mzee, toa hiyo takataka hapa!" Na Wabuge akapita. Tangu siku hiyo mwili wa Ephantus ulijua jambo moja: breki zikilia, lala. Alikuwa ameuambia mara nyingi kwamba mambo yamekwisha. Mwili haukumsikiliza.

Aliondoka Munyaka amelala, mbele ya macho ya majirani waliochungulia madirishani. Sasa alitaka watu wale wale wamwone amesimama. Hakutaka zaidi ya hapo.

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya simiko, alimwendea Wabuge nyumbani.

"Mzee Wabuge, leta gari gereji. Nataka kutengeneza hizo breki."

Wabuge alikuwa akisuuza mikebe ya maziwa. Alimtazama kama mtu aliyeombwa auze mtoto.

"Breki zangu zina nini?"

"Zinalia."

"Zinalia ndiyo. Na wewe uko hai. Unataka kuua sauti iliyokuokoa?"

Ephantus akamweleza yote: gereji, benchi la nyuma, maua ya kanisa. Wabuge alisikiliza hadi mwisho, uso ukiwa mzito, kisha akaanza kucheka, kisha akaona haya ya kucheka, kisha akacheka tena.

"Kumbe Jumapili ile ulianguka kwa sababu yangu? Na mimi nimeambia watu wa Turbo yote kwamba rafiki yangu ni mtakatifu!"

Waliingia kwenye pikapu ili fundi asikilize kasoro iko gurudumu gani. Hiyo ilikuwa kazi ya kustaajabisha. Wabuge akivuta polepole breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma, gari lilisimama kimya. Kwa hiyo breki za nyuma zilikuwa salama. Akikanyaga ile ya mguu, kwiiiii, na fundi wake alikuwa ameshatoweka, amejikunja sakafuni karibu na mlango.

"Umesikia ni wapi?" Wabuge aliuliza.

"Rudia," ilisema sakafu.

Walirudia barabara nzima ya Munyaka. Watu waliona pikapu ya Wabuge ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, dereva akizungumza na kiti kitupu, wakatikisa vichwa na kusema uchaguzi unakaribia. Lakini kulala kule kulimfaa Ephantus kuliko vile angeketi, kwa maana sikio lake lilikuwa limegusa bati.

"Mbele, kushoto," alisema mwishowe, akainuka na mavumbi shavuni. "Sina shaka."

Gereji ilikuwa ua wa mabati wenye jeki moja na mti wa mkaratusi. Ephantus aliinua gari, akatoa gurudumu, akafungua bolti zinazoshikilia breki. Pedi zilikuwa bado nene. Sahani ya chuma ambayo pedi huibana haikuwa na mikwaruzo mikubwa. Akatoa pedi ya nje, akaigeuza ili atazame mgongo wake, na hapo akakaa kitako.

Nyuma ya pedi za namna ile huwa kuna kibati chembamba kinachozuia pedi isitetemeke. Hapo hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande kilichokatwa kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, cha manjano, kimekwanguka, kimelegea, bado kina nusu ya picha ya chapati. Kila gari liliposimama, kipande hicho kilitetemeka pamoja na pedi na kupiga ule ukelele. Na pembe zake zilikuwa zimezungushwa kwa mkasi zikawa za mviringo, kwa uangalifu, zisimkate mtu. Munyaka nzima hakuna fundi mwingine aliyezungusha pembe.

"Hii ni kazi yangu," Ephantus alisema taratibu.

"Ni yako ndiyo," alisema Wabuge. "Desemba ya 2007. Ulisema kibati chenyewe hakipatikani. Ulisema, Mzee, tumia hii kwanza, baada ya kura nitakuletea yenyewe. Nimekuwa nikingoja."

"Miaka mitano?"

"Si hukusema kura gani."

Mtu asiyekaa Munyaka anaweza kuona hili ni jambo la ajabu, lakini pale hakuna kilichofanywa mwaka wa uchaguzi. Paa la kanisa lingezibwa baada ya kura. Kiplimo angeoa baada ya kura. Jino la Mama Jepchirchir, lililokuwa limemvimbisha shavu tangu Krismasi, lingeng'olewa baada ya kura, ingawa daktari wa meno hakuwa akigombea kiti chochote. Breki za Wabuge zilikuwa zimesubiri kama vingine vyote, ila zimesubiri kura mbili.

Ephantus alikwenda kwenye sanduku lake na kutoa kibati kipya. Alikuwa ndiyo kwanza anakishika wakati mwanga wa mlango ulipozibwa na Mama Jepchirchir, shavu limevimba, mwiko mkononi. Nyuma yake waliingia majirani wengine, na mwisho kabisa Kigen wa bodaboda, amevaa kofia yake ya pikipiki.

"Tumesikia mnatengeneza breki," Mama Jepchirchir alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Zirudishe vile zilikuwa."

"Mama, zinapiga kelele."

"Hiyo si kelele! Hiyo ndiyo inaniambia barabara iko wazi! Ephantus, wewe ulikuwa kwa hema, hukuona. Sisi tulibaki hapa. Kuna siku gari la Wabuge halikuja. Tulingoja asubuhi yote, kimya, hakuna breki. Mchana moshi ukafika Munyaka. Tangu hapo mimi nikisikia hiyo kwiii, naweka chai. Nisiposikia, nafunga nguo kwa shuka."

"Ni kweli," jirani mmoja alisema. "Juzi Wabuge alipata pancha tu, na Mama alikuwa ameshafika barabara ya Timboroa na godoro kichwani."

"Nilirudi," Mama Jepchirchir alisema kwa hadhi.

"Na Jumatatu ni kura," mwingine akaongeza. "Mtu anatengenezaje breki wiki ya kura?"

Ephantus aliwatazama. Hakuwa amewaza kamwe kwamba sauti iliyomlaza yeye ndiyo iliyowaamsha wengine. Akaeleza tena, kwa mara ya pili siku hiyo, habari ya nyasi na kizuizi na mwili usiosikia. Alieleza vibaya, akiwa ameshika spana. Hakuna aliyecheka. Kigen alivua kofia.

Wote walijua kwamba Kigen ndiye aliyekuwa mkubwa wa kizuizi kile. Hawakuwa wamewahi kulisema mbele yake.

"Mzee Ephantus," Kigen alisema, "ile siku nyasi ilipiga chafya."

Ephantus akamgeukia.

"Breki zilikuwa zinalia, lakini mimi nilikuwa karibu. Nyasi ikapiga chafya, halafu ikasema 'Bwana asifiwe.' Nikajua ni wewe. Hakuna mtu mwingine anasema hivyo akipiga chafya. Wenzangu wakauliza, hiyo ni nini? Nikawaambia ni breki."

"Uliwaambia breki zimesema 'Bwana asifiwe'?"

"Niliwaambia gari ni la kanisa."

Mama Jepchirchir aliweka mwiko chini. Ephantus alipangusa spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Sasa si ungeniambia mapema," alisema mwisho.

"Ningeanzia wapi, Mzee? Nikupigie honi nikwambie habari ya chafya?"

Kisha majirani wakajadiliana kuhusu breki, wakafikia pale walipofikia siku zote. Mama Jepchirchir alitoa uamuzi: Ephantus alikuwa na haki yake, hakuna aliyempinga, na breki zingetengenezwa vizuri kabisa, baada ya kura. Simiko nalo lisogezwe. Wote wakaafiki, wakashikana mikono na Ephantus kwa upole mkubwa, wakaenda zao.

Wabuge alibaki amesimama karibu na gari lililoinuliwa. Alichungulia nje kuhakikisha njia ni nyeupe.

"Tia hicho kibati," alisema.

"Umesikia walichosema."

"Nimesikia. Mimi nimebeba maziwa yao miaka yote hiyo, na nimekulaza chini miaka yote hiyo bila kujua. Wao wakikosa sauti wataogopa asubuhi moja. Tia, Ephantus. Wanyama wa kinanda hawezi kuwa mzee wa kanisa. Atatuzika tukiwa hai."

Ephantus alisugua pedi kwa msasa mpaka mng'aro wote ukaisha, akapaka grisi kidogo mahali pedi inapoteleza, akaweka kibati kipya mahali pake, akafunga. Walijaribu. Pikapu ilisimama kimya kama maji ya mtungi. Ephantus alikuwa ameketi kitini, wima, na kwa mara ya kwanza aliliona dirisha la mbele la gari lile lilivyo na ufa. Kipande cha mkebe alikitia mfukoni mwa koti lake la Jumapili. Hakujua kwa nini hakukitupa.

Siku ya pili, Jumapili, kanisa lilijaa, na simiko halikusogezwa, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia Mchungaji. Watu huja kwa wingi siku iliyo kabla ya kura. Ephantus alisimama mbele, viatu vimeng'aa, mikono imelala pembeni, mkewe Seline akimwangalia kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa jikoni. Mchungaji Kavetsa alikuwa ameondoa maua mezani.

Wakati wa breki ulifika. Mchungaji alinyamaza, kama ilivyokuwa desturi yake, azipishe.

Hazikulia.

Aliendelea kunyamaza. Watu walianza kutazama madirisha. Nje hakukuwa na kitu cha kuonekana zaidi ya jua jeupe. Wanyama wa kinanda aliamka, maana alizoea kuamshwa na sauti ile na sasa aliamshwa na kukosekana kwake. Mtoto aliuliza kwa sauti, "Mama, gari la maziwa liko wapi?" na mama yake akamziba mdomo.

Wa kwanza kulala alikuwa Mama Jepchirchir, katika safu ya kwaya. Alijishusha chini polepole, kwa heshima, akafunika kichwa kwa joho la kwaya. Kwaya ikamfuata, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Kisha mabenchi ya mbele, kisha ya kati, nguo zikichakarisha. Kigen aliyesimama mlangoni alitazama barabarani, akatazama kanisani, akachuchumaa, kisha akalala akiwa amevaa kofia yake. Seline alimtazama mumewe kwa huruma na kulala. Mchungaji Kavetsa alijaribu kusema "Wapendwa," akafikiri, akaingia chini ya meza.

Ephantus alibaki amesimama peke yake. Mbele yake, kuanzia madhabahuni hadi mlangoni, watu wote wa Munyaka waliomwona akiondoka amelala sasa walikuwa wamelala, na hapakuwa na jicho hata moja la kumwona amesimama.

"Mchungaji," alinong'ona, "maswali."

"Je, unaamini?" sauti ilitoka chini ya meza.

"Naamini."

"Je, utawatunza watu hawa?"

Aliwatazama migongo. "Nitawatunza. Lakini kwanza waamke."

"Swali la tatu nimelisahau," Mchungaji alisema. "Lina 'mpaka mwisho.'"

Hapo mlango ulisukumwa, akaingia Wabuge na mkebe wa maziwa begani, jasho likimtoka. "Kibanda kimefungwa, hakuna aliyetoka kupokea maziwa, ni nini..." Aliona kanisa. Aliweka mkebe chini kwa uangalifu, maziwa yasimwagike, akalala kando yake.

"Mzee Wabuge!" Ephantus alisema. "Wewe ndiye gari! Unalala kwa nini?"

"Wote wamelala," Wabuge alijibu, uso sakafuni. "Lazima wana sababu."

Ephantus alijua la kufanya, na magoti yake yalijua kabla yake, yakaanza kutetemeka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha mkebe. Akapita kati ya migongo, akikanyaga palipo wazi, mpaka kwenye nguzo ya chuma iliyoshikilia paa linalovuja. Akalikandamiza bati kwenye nguzo, akalivuta kwa nguvu zote.

Kwiiiiiiii!

Goti la kushoto lilikunjwa. La kulia likataka kulifuata. Lakini mkono wake ndio uliokuwa ukipiga kelele, na mtu hawezi kulala huku akivuta bati juu ya nguzo; angelazimika kuachia. Hakuachia. Akavuta tena, ndefu zaidi, na katikati ya sauti ile magoti yalinyooka yenyewe, moja, kisha la pili, kama jeki inayopanda.

Vichwa viliinuka. Mama Jepchirchir alitoa uso chini ya joho, akasikiliza, na shavu lake lililovimba likalegea.

"Barabara iko wazi," alisema. "Nimeacha kibanda bila chai!"

Waliamka wakipangusana mavumbi, wakiona haya, wakimtazama Ephantus. Alikuwa amesimama kando ya nguzo, bati mkononi, wima. Mchungaji Kavetsa alitoka chini ya meza, akarekebisha ukosi, akalikumbuka swali la tatu. Ephantus alilijibu. Wanyama alipiga kinanda, akiwa macho kabisa.

Nje, baada ya ibada, Mama Jepchirchir alimshika mkono mzee mpya wa kanisa.

"Breki sasa ni nzuri. Nimekubali. Lakini hicho kipande usitupe."

"Mama, mpaka lini?"

"Mpaka baada ya kura."

Watu walipiga kura, wakangoja, na siku zote hizo, pikapu ya Wabuge ilipoteremka kimya, Ephantus alitoka mlangoni mwa gereji na kuvuta bati lake kwenye nguzo ya nyaya za stima. Kura zilipokwisha kuhesabiwa akaenda kibandani kuuliza kama sasa yatosha. Mama Jepchirchir, jino likiwa bado mahali pake, alimmiminia chai na kumwambia kwamba bado kuna kesi ya kura mahakamani. Ephantus alikunywa chai yake akiwa amesimama, akarudi gereji, akazizungusha upya pembe za kile kipande kwa mkasi, maana zilikuwa zimeanza kumkata kidole.